Kuna mtu kamtoa nyoka wangu kizimbani panya akiwa nusu mdomoni, eti wa kulishiwa kwenye ndoo!

MleziWaMpole (mleta uzi)

Wakuu, hata saa moja haijapita tangu atoke mlangoni kwangu na mikono bado inanitetemeka. Mkiona herufi zimerukaruka msinisahihishe.

Simtaji. Sina haja, mnamjua. Yule bwana wa ndoo, anayeshikilia kwamba nyoka atolewe kizimbani akalishiwe kwenye ndoo. Kila uzi wa kulisha nyoka yumo, kila mkutano wa wafugaji anafika na ndoo yake nyeupe kama fundi na mkoba wake wa vifaa.

Leo kaja kwangu. Kaja kama mgeni, nimempokea, nimempa kiti. Mpole, chatu mpira wangu, alikuwa hajala siku 112. Mia moja na kumi na mbili, nimezichora kwenye kalenda moja moja. Wenye chatu mpira mnaelewa: hawa wanaweza kususa miezi kadhaa wakiwa wazima kabisa, uzito haushuki, anayekonda ni mlezi. Nimebadilisha saa za kulisha, nimeongeza maficho, nimehakikisha upande wa joto unasoma nyuzi 32. Leo jioni nikapasha panya kwenye maji moto mpaka kichwa kikasoma 38, nikamkausha, nikamshika kwa koleo refu, nikamsogeza taratibu mlangoni mwa pango lake. Ulimi ukatoka. Ukatoka tena. Shingo ikajikunja. PAA! Kamdaka! Kamzinga mizunguko mitatu, na mimi nimekaa sakafuni nimebana pumzi mpaka naona nyota. Baadaye akamwachia, akamzunguka akitafuta kichwa, akaanza kumeza. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia.

Hapo ndipo nikaguswa bega. "Sogea, nikufundishe."

NIKUFUNDISHE! Nyumbani kwangu, mbele ya kizimba nilichokijenga kwa mikono yangu, siku ya 112!

Sijafungua mdomo, kaingiza mikono yote miwili, kamnyanyua Mpole hewani, panya nusu ndani nusu nje, mkia unaning'inia kama tai ya bwana harusi, anampeleka kwenye ndoo. Ndoo, wakuu! Ya plastiki, ya baridi, haina pango wala kivuli. Macho yangu yalitoka yakaenda kukaa sebuleni. Mpole akapanua taya, panya akadondoka sakafuni pwaa! Halafu Mpole akajikunja mpira, kichwa katikati, na mpaka naandika hapa hajajikunjua.

Na yeye kasimama na ndoo yake mkononi: "Unaona? Hajazoea."

HAJAZOEA! Mtu akikunyanyua kitandani tonge likiwa kooni, na wewe utaambiwa hujazoea?

Sababu yake ni ile ile mnayoijua, kwamba ukimlisha nyoka kizimbani, kila ukifungua mlango atadhani mkono wako ni panya. Haya, tupige hesabu. Mpole akiwa na hamu anakula mara moja kila siku 14. Maji namwekea kila siku. Kwa hiyo kwenye kila mlo mmoja, mkono wangu umeingia mle mara 14 na zaidi bila panya. Kwa akili ya bwana huyo, Mpole angepaswa kudhani mimi ni bakuli la maji! Miaka sita sijaumwa hata mara moja. Namgusa kwanza ubavuni kwa fimbo ya kulabu, anajua leo si chakula, basi. Anayeumwa ni mtu anayetumbukiza mkono unaonuka panya mbele ya nyoka ambaye bado ana moto wa kula, na ukimlishia kwenye ndoo, si ndiyo unavyofanya wakati wa kumrudisha?

Chatu mpira huko kwao porini anakaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Anakula humo humo alipojificha. Nani anakwenda kumtoa kichuguuni kumhamishia kwenye ndoo?

"Sogea, nikufundishe." Nikifumba macho naisikia. Siku 112 zimeenda, na sasa naanza kuhesabu moja.

---

GambaJipya

Nimeweka kiti. Huyo bwana wa ndoo namsubiri aje hapa.

---

DadaWaVizimba

Pole sana mkuu. Mimi alinikuta kwenye mkutano, nyoka wangu yuko katikati ya kujivua gamba, macho yana ukungu haoni vizuri, akaniuliza kwa nini simlishi. Nikamwambia wengi wao hawataki kula wakati huu. Akasema mlete, ndoo itamfungua hamu. Ndoo ndiyo imekuwa daktari!

---

KoleoRefu

Mkuu nimesoma yote, nimesikitika. Lakini naomba kuuliza kitu kimoja. Aliposema "sogea", ULISOGEA?

---

GambaJipya

Hahaha swali zuri hilo. Mleta uzi jibu.

---

MleziWaMpole

KoleoRefu, nilikuwa sakafuni, miguu imekufa ganzi kwa kukaa bila kutikisika! Sikusogea, nilisogezwa. Kuna tofauti kubwa. Na hoja si mimi, hoja ni nyoka aliyenyanyuliwa panya akiwa mabegani!

---

KoleoRefu

Kwa hiyo ulisogea.

---

NdooNiUsalama

Acheni kumsema mtu asiyekuwepo. (Na mimi siye, kabla hamjaanza.) Nina nyoka wawili wa mahindi (aina ya nyoka wa kufuga, si kwamba wanakula mahindi) kizimba kimoja. Niwalishe humo humo wagombee panya mmoja, mmoja ammeze mwenzake kuanzia kichwani? Ndoo mbili, kila mtu kwake, dakika 20, kazi imeisha. Na vile vitoto vigumu kula, ukiviweka kwenye kikopo kidogo chenye matundu pamoja na kitoto cha panya usiku mzima, asubuhi unakuta kameza. Hilo nalo mtakataa?

---

MzeeWaChatu

Kijana, kikopo cha kitoto kigumu hakuna anayekikataa, na wafugaji wa siku nyingi wanakitumia. Lakini hicho ni cha kumfungua kula, akishazoea anakula kwake. Na hao wawili wako dawa yao ni kuwatenganisha, kila mmoja na kizimba chake. Nyoka hawatafutani kwa mapenzi, wanagombea kona yenye joto. Ukiwakuta wamelaliana usidhani ni undugu.

Kuhusu mleta uzi: nyoka akishakula anahitaji joto ili kile chakula kiyeyuke tumboni. Ukimsumbua au akipoa, anatapika, na tapishi lile linapanda na asidi yake kooni. Ndiyo maana tunasema siku 2 baada ya kula usimshike kabisa. Yule chatu mkubwa wa Burma, watafiti wamempima, misuli ya moyo wake inaongezeka kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya mlo. Moyo unakua! Huo ndio mwili unaoubeba ukiutikisa kwenye ndoo.

---

MleziWaMpole

Shikamoo mzee. Umenena. Yaani moyo unajipanga kukua, halafu mtu anakuja na "sogea, nikufundishe".

---

MatandazoMakavu

Sasa ngoja, kwa upande mmoja bwana wa ndoo ana hoja. Nyoka akila kizimbani si anameza matandazo, yale tunayomtandikia sakafuni? Mimi hilo ndilo linanipa hofu.

---

DadaWaVizimba

Vipande vichache nyoka mwenye afya anavitoa vyenyewe. Kama una wasiwasi mwekee kigae bapa au sahani, umpe panya mkavu juu yake. Aliyelowa ndiye anayebeba takataka zote. Huhitaji kuhamisha mwenye nyumba kwa sababu ya vumbi la sakafuni.

---

KoleoRefu

Kigae kizuri. Na akija mgeni akasema sogea, unakaa juu ya kigae, husogei.

---

MleziWaMpole

KoleoRefu wewe una matatizo. Mnyama kakosa mlo wa siku 112 na wewe unanihesabia hatua nilizopiga.

---

MkeHajui

Nyie mna shida ndogo. Mimi ya kwangu ni friza. Panya 30 wamefungwa vizuri, mifuko miwilimiwili, ndani ya boksi lenye kifuniko. Leo shemeji yangu kafungua akitafuta barafu. Ukelele aliopiga, majirani wamekuja na fimbo wakidhani nyoka katoka. Nyoka mwenyewe yuko pangoni kalala, hana habari!

---

GambaJipya

Hahaha! Jina lako lenyewe limeshakusaliti. Sasa mke anajua?

---

MkeHajui

Anajua. Amenipa mpaka kesho jioni.

---

MamaAliyeSalimika

Na mke yuko sahihi, mimi nasimama naye. Friza haiui salmonela, vile vijidudu vya kuharisha. Panya wa kulisha nyoka hapaswi kukaa na mboga za watoto, nunua friza ndogo ya kwao peke yao. Mume wangu alikuwa anayeyushia panya kwenye sinki la jikoni, ndani ya bakuli langu la kukorogea unga! BAKULI LANGU. Nilipomuuliza kanijibu "si nitalisuuza?" Nimelitupa bakuli, na yeye nilikaribia kumtupa.

---

DadaWaVizimba

Bakuli la unga?! Huyo kazidi. Hata huyo wa ndoo ana nafuu, angalau ndoo ni yake.

---

MleziWaMpole

Nafuu?! Dada, huyo kachafua bakuli tu. Wa kwangu kaingiza mikono kizimbani na KUMNYANYUA NYOKA ANAYEMEZA. Hamuwezi kulinganisha. Jamani turudi kwenye mada.

---

NdooNiUsalama

Mada ni ndoo. Ndoo isingekuwa na faida watu wasingeitumia miaka yote hii.

---

MzeeWaChatu

Watu walitumia na panya hai miaka yote hiyo. Nina chatu ana kovu toka jichoni mpaka taya, panya alimtafuna wakati yeye hana hamu, na mwenye nyoka alikuwa amefunga mlango akaenda kulala. Hilo la panya hai lingetosha uzi wake peke yake.

---

MatandazoMakavu

Naunga mkono, mzee fungua huo uzi. Jirani yangu bado analisha panya hai na nikimwambia anasema nyoka anahitaji mazoezi. Mazoezi ya kutobolewa macho!

---

MgeniWaNyoka

Habari zenu wakuu, mimi mgeni hapa. Samahani kama naingilia. Nyoka wangu mdogo wa mahindi nina siku 5 naye. Panya namyeyusha kwenye maikrowevu ili nisichelewe, leo kapasuka. Nifanyeje?

---

MamaAliyeSalimika

KAPASUKA WAPI? Kwenye maikrowevu ya chakula cha watu?

---

MgeniWaNyoka

Ndiyo dada. Iko moja tu. Nimefungua madirisha yote.

---

DadaWaVizimba

Mdogo wangu, maikrowevu kamwe. Inapika upande mmoja, katikati barafu. Mtoe friza usiku umweke kwenye friji ndani ya boksi lake lililofungwa, kesho mtie kwenye mfuko, mfuko kwenye maji ya moto yasiyochemka, tumbo likiwa laini na lina joto mpaka ndani ndiyo umpe. Upana wa panya usizidi sana sehemu nene ya mwili wa nyoka wako. Siku 5 bado hajazoea nyumba, mwache wiki nzima bila kumshika kisha mjaribu. Maji tu yasikosekane.

---

MkeHajui

Mgeni kumbe wewe una kesi kubwa kuliko yangu. Njoo tuishi wote, na mimi kesho jioni sina pa kulala.

---

MgeniWaNyoka

Asante dada. Na nikimpa, nimpe humo kizimbani au nimhamishie kwenye ndoo? Kuna kaka mmoja nilikutana naye jana, ana ndoo nyeupe, amesema atapita kwangu kunionyesha.

---

MleziWaMpole

USIMFUNGULIE! Mdogo wangu nakuomba, hata akigonga mpaka mlango uchubuke, usimfungulie!

---

KoleoRefu

Na ukimfungulia, usisogee.

---

MamaAliyeSalimika

Hayo baadaye. Mgeni, hiyo maikrowevu umeshaanza kuisugua?