Shajar al-Durr na mwisho wa ukoo wa Ayyubi nchini Misri

Swali: Ndugu zangu, je, Shajar al-Durr, aliyetawala Misri kwa takriban siku 80 mwaka 1250, ndiye aliyeuangusha ukoo ulioasisiwa na Salahuddin, au alikabidhiwa jahazi lililokuwa likizama?

Jibu la kwanza: Kwa maoni yangu, alilichelewesha kuzama. Mumewe, Sultani as-Salih Ayyub, alifariki Novemba 1249 wakati Louis wa 9 wa Ufaransa alikuwa amekwisha kuiteka Damietta, mji wa bandari wa Misri, na mama huyu akakificha kifo hicho: chakula kiliendelea kupelekwa hemani kana kwamba mgonjwa yungali hai, na amri zikatoka kwa saini ya marehemu. Jeshi halikutawanyika, na Aprili 1250 Louis mwenyewe alitekwa.

Jibu la pili: Naafiki, ila tusiwasahau Wamamluki, yaani askari watumwa walionunuliwa na sultani. Turanshah, mwana wa marehemu aliyerithi kiti, aliwapendelea watu aliokuja nao na kuwapuuza askari wa baba yake, nao wakamuua Mei 1250, kisha wakamtawaza Shajar al-Durr. Hutuba ya Ijumaa ilisomwa kwa jina lake, lakini khalifa wa Baghdad alimkataa na Damascus ikaangukia mikononi mwa Ayyubi wa Aleppo, hata akalazimika kuolewa na Aybak, kamanda wa Wamamluki, na kumwachia kiti.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Sasa naona kwamba walioutwaa usultani ni walewale walionunuliwa ili waulinde, na kisa cha kuuawa kwa Aybak mwaka 1257, kisha mama huyo mwenyewe siku chache baadaye, ni cha dola nyingine kabisa.