Tupeane uzoefu: Nahau za Kiingereza kuhusu meno zilivyotuumbua

Ndugu wanajukwaa, naanza mwenyewe. Nilipokuwa mfasiri mgeni kazini, nilikutana na habari ya bondia aliyeelezwa kuwa "long in the tooth", nami bila kusita nikaandika kwamba bondia huyo ana meno marefu. Mhariri aliizungushia sentensi duara jekundu, akauliza pembeni kama tunaandika habari za michezo au za mazimwi. Ndipo nilipojifunza kwamba usemi huo umetokana na farasi: kadiri anavyozeeka, fizi zake hurudi nyuma na meno huonekana marefu, kwa hiyo mnunuzi makini hakuuliza umri, bali alimfunua mnyama mdomo. Ningeandika tu kwamba bondia amekula chumvi nyingi. Nanyi mliumbuliwa na ipi?

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwanafunzi aliniuliza meno yana ngozi gani hata mtu aokoke "by the skin of his teeth", nami, ili nisionekane sijui, nikamjibu kwa ukali kuwa ni ufizi. Jumapili iliyofuata likasomwa kanisani somo la Ayubu 19:20, ambapo Ayubu anasema ameokoka na ngozi ya meno yake, nikajikunyata kwenye benchi. Waingereza waliupata usemi huo katika Biblia ya Geneva ya mwaka 1560, iliyoyafasiri maneno ya Kiebrania moja kwa moja. Sisi husema tumeponea chupuchupu, na kwangu neno hilo lina hofu zaidi, kwani ukilitamka unalisikia gari likikupita ubavuni.

Mchangiaji wa pili:
Shemeji alinipa simu kuukuu, nikaanza kuulizia umri wa betri, akaniambia kwa Kiingereza nisimtazame mdomoni farasi wa zawadi. Kumbe ni farasi yuleyule wa mleta mada! Mtakatifu Jerome, mfasiri wa Biblia aliyefariki mwaka 420, aliwahi kuutaja usemi huo kwa Kilatini, na tayari aliuita methali ya watu wa kawaida.

Mchangiaji wa tatu:
Mgeni wetu ofisini alisema ana "sweet tooth", yaani anapenda vitu vitamu. Mimi nilisikia jino tu, nikampa pole, nikamletea karafuu mbili aziumie upande unaouma. Alizipokea kwa adabu, huku macho yake yakiwa kwenye sahani ya visheti.