Gurudumu la mkia linatetema, nibadilishe lote?

Wakuu, ndege yangu ndogo Piper Cub ya 1946 kila nikitua gurudumu la mkia linatetema mpaka kiti kinacheza, nataka ning'oe nifunge jipya kabisa. Ushauri?

— Subiri kwanza mkuu usinunue kitu. Angalia zile springi bapa zinazoshika gurudumu la mkia, zikishalala (zikapoteza upinde wake) basi mhimili ambao gurudumu linageukia unainama mbele kwa juu na hapo ndo mtetemo unaanza. Pima ndege ikiwa imekalia uzito wake, mhimili uwe wima au juu ulalie nyuma kidogo.

— Na ukiinua mkia weka stendi imara, mimi ulinidondokea nusura vidole 😅 Boliti ya springi itoe uikague, inaweza kuwa na ufa usiouona.

— Aisee zimelala kama mkeka! Naanza na springi.