Wenye I-Shift: kubadili programu ya gia kunabana mafuta kweli?

DadaWaPongwe: Habari za leo wakuu. Tuna kichwa cha Volvo FH kilichotumika Ulaya, gia boksi ni I-Shift ya gia 12. Kinabeba saruji kutoka Tanga kwenda Moshi na Arusha, na kinakula mafuta kuliko hesabu zetu. Kuna fundi anasema ataingia kwenye kompyuta ya gia boksi, aiambie ipandishe gia mapema ili injini isipande resi. Pesa anayotaka si ndogo. Dereva wetu hataki hata kusikia, anasema litakosa nguvu kwenye vilima vya Muheza na Segera. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

MzeeWaDifu: Dada, shikilia hela yako kwanza. I-Shift si otomatiki kama ya gari dogo. Ndani ni gia boksi ya manyuo yenye klachi kavu, ila kompyuta ndiyo inayokanyaga klachi na kuingiza gia. Kila inapobadilisha, nguvu inakatika kidogo na presha ya tabo (turbo inayosukuma hewa kwenye injini) inashuka. Ukiilazimisha ipande mapema na mzigo mgongoni, kilimani resi zitaanguka, itashusha, itapanda tena. Utaisikia ikihangaika 10, 11, 10, 11, na dizeli inaisha hapo. Injini hiyo inavuta vizuri kwenye resi (mizunguko ya injini kwa dakika) 1,000 hadi 1,400 hivi, na programu ya kiwandani inalenga hapohapo. Naomba kitu kimoja: dereva akiwa tambarare, gia ya 12, spidi 80, asome resi ngapi.

WaNjiaPandaSegera: Naongezea. Kama leva yenu ina kitufe cha E (kubana mafuta) na P (nguvu), kikae E. Madereva wengi wanapenda P kwa sababu lori linachangamka, lakini P inachelewesha kupandisha gia. Asikanyage pedeli ya mafuta mpaka mwisho kabisa, kule chini kuna swichi inayoamuru gia ishuke. Upepo wa tairi za tela nao upimwe. Na kwenye mteremko mrefu asiweke frii, yaani asitoe gia: lori likiwa ndani ya gia na mguu umeachia, nozeli hazimwagi dizeli kabisa. Frii injini inaendelea kula ili isizime, na breki ya injini unaikosa. Hiyo ni roho ya mtu.

DadaWaPongwe: Asanteni sana. Dereva amesimama Same, ananiambia tambarare ya kutoka Mombo spidi 80, gia ya 12, resi zilikuwa 1,500. Kitufe kiko E siku zote.

MzeeWaDifu: Basi tatizo halipo kwenye programu. Kama tairi ni 315/80 za rimu 22.5 na gia ya 12 ni ya moja kwa moja (shafti inayotoka gia boksi inazunguka sawa na injini), hiyo ni difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ya 3.7 hivi: injini inazunguka mara 3.7 tairi likizunguka mara moja. Difu ya 3.08 kwa spidi hiyohiyo ingezungusha injini karibu 1,250. Gia ya 12 ndiyo ya mwisho, hakuna programu itakayokupa ya 13. Kubadilisha difu ni gharama, na vilimani dereva wako atalalamika kwa haki. Atembee 70: resi zitashuka hadi 1,300 na ushee, na lori halitapambana sana na upepo. Jazeni tenki mpaka juu kabla na baada ya safari, mlinganishe kwa mzigo uleule. Huyo fundi muulize difu ya lori lako ni ngapi. Asipojua, usimpe hela.