Mama amealikwa Italia kwa uzazi wa binti yake: je, barua ya mwaliko inatosha kupata viza?

Mkaazi wa Shela, Malindi

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote. Ndugu yangu wa kike ameolewa na Muitaliano waliyejuana hapa hapa Malindi, na sasa wanakaa Bologna. Inshallah atajifungua mwishoni mwa mwaka, naye amemwomba mama yetu aende akamlee uzazi mpaka arobaini itoke, na ikiwezekana akae zaidi. Mama ni mjane aliyepita miaka sitini na hajapata kupanda ndege hata ya kwenda Nairobi. Kazi ya kuajiriwa hana: ana vyumba viwili vya kupangisha kule Maweni, shamba dogo la minazi na mikorosho upande wa Gede, na biashara ya achari na visheti anayoiendesha nyumbani. Fedha zake nyingi hupitia M-Pesa na chama cha akina mama.

Shemeji amekwisha kutuma barua ya mwaliko na kusema kwamba gharama zote ziko juu yake. Kuna wakala mmoja anayetushauri kuwa barua hiyo yatosha na tukate tiketi mapema kabla bei hazijapanda. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie: je, ni kweli barua inatosha, mama anaruhusiwa kukaa muda gani, na tuonyeshe nini ilhali hana karatasi ya mshahara?

Abu Nassor, Watamu

Wa alaikum salaam, dada. Barua haitoshi, na tiketi msilipie sasa. Kinachotakiwa katika maombi ni nafasi iliyowekwa ya ndege ya kwenda na kurudi, ambayo mnaweza kuibadilisha au kuiacha viza ikikataliwa. Ada yenyewe, ambayo tangu Juni 2024 ni Euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi maombi yakikataliwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuongeza hasara ya tiketi juu yake.

Kuhusu muda, viza ya ziara fupi haizidi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Hesabu hiyo ni ya nchi zote 29 za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, wala kutoka Italia na kuingia Ufaransa hakuianzishi upya. Zaidi ya hayo, siku 90 ndizo za juu kabisa; ubalozi waweza kutoa siku 50 ikiwa barua imetaja siku 50, kwa hiyo shemeji aandike tarehe mnazozikusudia hasa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini waweza kufika siku 45, na mtoto hangoji ubalozi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari lazima ifike Euro 30,000, igharimie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali na kurudishwa nyumbani, na itambulike katika nchi zote za Schengen. Kwa umri wa mama, someni masharti kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya bima huweka kikomo cha umri au hukataa maradhi ya tangu zamani kama sukari na presha.

Karani Mstaafu, Malindi

Nitajibu lile la karatasi ya mshahara, kwa sababu ndilo linalowaangusha wazazi wetu wengi wa pwani. Afisa anayesoma faili anatafuta majibu ya maswali mawili: nani anagharimia, na kwa nini mama huyu atarudi. Barua ya shemeji, ikiandamana na nakala ya kitambulisho chake, ushahidi wa kipato chake na wa nyumba wanayoishi, hujibu la kwanza. La pili shemeji hawezi kulijibu akiwa Bologna. Mama ndiye wa kulijibu kwa vitu vyake vya Malindi.

Vyumba vya Maweni vina thamani kubwa kuliko mnavyodhani, mradi kuwe na mkataba wa kila mpangaji uliotiwa saini na kodi ionekane ikiingia mwezi hadi mwezi. Chukueni taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Kama mama ana akaunti ya benki, kodi ianze kupelekwa huko sasa, kidogo kidogo kama inavyoingia. Fedha nyingi zinazotua katika akaunti wiki moja kabla ya maombi huzua maswali. Ongezeni hatimiliki ya shamba, barua ya chama inayoeleza uanachama wake na akiba yake, na barua ya chifu. Kisha mama, au wewe kwa niaba yake, aandike ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini anakwenda, atakaa kwa nani, na nani atasimamia nyumba na shamba mpaka arudi.

Lipo jambo ambalo wakala hakuwaambia. Sheria ya Italia, amri namba 30 ya mwaka 2007, humhesabu mzazi wa mke wa Muitaliano kuwa ni jamaa wa familia iwapo anategemea matunzo yao. Mzazi wa namna hiyo hupewa viza bila ada na kwa kutangulizwa, na akitaka kukaa zaidi ya miezi mitatu huomba hati ya ukaazi akiwa huko huko.

Mkaazi wa Shela, Malindi

Ahsante sana, mzee wangu. Dada hutuma fedha kila mwezi. Je, hatuwezi kuweka yote mawili katika faili moja, kwamba anatunzwa na binti yake na pia ana mali yake, ili lipi litakalokubaliwa likubaliwe? Vilevile, katika kitambulisho mama ni Aisha, lakini katika cheti cha kuzaliwa cha dada ameandikwa Esha.

Karani Mstaafu, Malindi

Hapana, mwanangu, hayo mawili hayachukuani. Anayeomba kama mtegemezi lazima athibitishe kwamba bila fedha za binti yake hawezi kujikimu, na hapo mikataba ya vyumba inageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Anayeomba ziara fupi anasema kinyume chake: nina maisha yangu hapa na nitayarudia. Faili linalosema yote mawili humfanya afisa asiamini lolote. Kwa mama aliye na kodi, shamba na biashara, mimi ningeshika njia ya ziara fupi na kusahau habari ya kukaa zaidi, hata kama Euro 90 zinauma.

La majina lirekebishwe kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, inayotaja kwamba Aisha na Esha ni mtu mmoja, kwa kuwa cheti hicho ndicho kinachothibitisha kuwa yeye ni mama mzazi.

Ummu Rukia, Lamu

Nami niongeze ya wanawake. Picha ya viza hukubali mtandio kwa sababu za dini, ila uso uonekane wote kuanzia kidevu hadi paji. Siku ya kuchukuliwa alama za vidole, mama asiwe na hina wala piko kwenye ncha za vidole, kwani mashine huweza kushindwa kuzisoma. Alama zikishachukuliwa hudumu miezi 59, kwa hiyo akiomba tena katika muda huo huenda asisumbuliwe.

Nakala za mwaliko, bima na tiketi ya kurudi akae nazo katika mkoba wa mkononi, kwa sababu afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza upya hata viza ikiwa imetoka. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuandikisha kuingia na kutoka kwa kompyuta, hivyo siku zikipitishwa hujulikana mara moja. Shemeji naye ana wajibu wake: ndani ya saa 48 tangu mama afike, aiarifu polisi kwa maandishi kwamba amepokea mgeni. Na mama akiingilia Schengen kupitia nchi nyingine, tuseme amebadilisha ndege Frankfurt, aende Questura ya Bologna, yaani makao ya polisi ya mkoa, ndani ya siku nane tangu aingie kutoa taarifa ya kuwapo kwake. Akishukia Milan moja kwa moja kutoka Addis Ababa, kuandikishwa mpakani kunatosha.