Naomba ushauri: bakteria wa mizizi ya mgomba anazuia kuvu, mchuzi wake hauzuii

Wakuu, naomba msaada. Bakteria aina ya Bacillus aliyetolewa ndani ya mizizi ya mgomba anazuia kuvu aina ya Fusarium vizuri kwenye sahani ya maabara. Mizizi ilisafishwa kwa ethanoli 70% dakika 1, klorini 2% dakika 3, ikasuuzwa mara 5. Maji ya mwisho hayakuotesha kitu, kwa hiyo si bakteria wa juu ya ngozi ya mizizi. Tatizo ni mchuzi (kimiminika alimokuzwa bakteria huyo) wa saa 24: ukipita chujio la mikromita 0.22, nguvu yote inapotea. Nashuku lipopeptidi (kemikali za bakteria zinazozuia kuvu) zinanasa kwenye chujio, au zimevunwa mapema kabla ya saa 72. Je, nishushe pH (kipimo cha asidi) ya mchuzi hadi 2 ili lipopeptidi zitue chini, niulaze usiku kucha kwenye nyuzi 4, kisha niyeyushe mashapo kwa methanoli? Methanoli yenyewe hudhuru kuvu. Niikaushe vipi kabla ya kupima?