Mfumo wa mikataba ambao wanasheria wataukubali, nianzie wapi?

Wakuu, nimepewa kazi ya kudizaini mfumo wa mikataba kwa ajili ya timu ya sheria ya kampuni, saa hizi wanatumia imeili na mafaili ya Word yenye majina kama "final_final2", bosi anataka dashibodi (ukurasa wa muhtasari) yenye chati kibao za takwimu ila mi naona hawa watu hata hawatazifungua. Mnashauri nini?

Jibu 1: Achana na chati kwanza. Kaa na mwanasheria mmoja umwangalie anavyopiga kazi, utaona muda mwingi unaishia kutafuta toleo sahihi na kujua limekwama kwa nani. Halafu tarehe, hapo ndo penyewe: mikataba mingine inajiongeza muda yenyewe usipotoa mapema notisi ya kuusitisha, kwa hiyo kikumbusho kisije siku mkataba unaisha, kije kabla muda wa notisi haujapita, na kiende kwa mhusika mmoja, sio kwa kila mtu.

Jibu 2: Usiwatoe kwenye Word aisee. Waediti humohumo, mfumo utunze matoleo tu.

Muuliza swali: Sawa, na ruhusa je? Kila mtu aone kila kitu?

Jibu 1: Thubutu! Mikataba ya ajira ifungie.